Mkono wa Bi Dada

Aliyenisimulia habari hii ni fundi cherehani mwenyewe, mwaka juzi, siku nilipompelekea gauni langu anipanulie kiunoni. Alianza akiwa na pini mdomoni, akazitoa moja moja kadiri maneno yalivyomjia, na alipofika katikati nilikuwa nimesahau kwamba nimesimama na gauni lililofumuliwa upande mzima. Naiandika kama nilivyoipokea, ila pale alipojisifu nimepunguza kidogo.

Fundi huyo aliishi nyumba moja na mama mkwe wake na wifi yake. Mumewe alikuwa dereva wa malori ya safari ndefu, mtu ambaye barabara ilimjua kuliko kitanda chake. Cherehani ilikaa chumba cha mbele, chini ya dirisha, na pembeni lilining'inia pazia la maua ambalo wateja walijificha nyuma yake kujaribu nguo. Wifi mtu, dada yake dereva, alikuwa keshia wa duka la vifaa vya ujenzi. Mtaa mzima ulimwita Risiti, kwa sababu hakuwa mtu wa kukubali neno bila ushahidi. Ukimwambia mvua imenyesha, atatoka nje kwanza akaguse ardhi.

Wanawake hawa wawili hawakuwahi kutukanana. Waliishi kwa adabu, ile adabu ya watu wanaoogopana. "Tangulia wifi." "La, tangulia wewe, wifi." Kila mmoja alimpisha mwenzake mlangoni huku akimtazama mikono amebeba nini.

Mama yao alikuwa mwigizaji enzi zake. Watu wazima wa mtaa ule, wakimwona sokoni, bado walicheka kabla hajasema kitu, kwa kumbukumbu tu. Lakini siku hizi alikuwa mtu wa kiti. Akitaka kuosha vyombo, aliambiwa, "Acha mama, utavunja." Akitaka kuchambua mchele, "Kaa tu, mama." Asubuhi moja alilisalimia koti la dereva lililoning'inia ukutani, akaliuliza habari za safari. Fundi na Risiti waliangaliana wakatingisha kichwa. Wakasema ni uzee, akili imeanza kutangatanga.

Mwaka huo kikundi cha maigizo cha mtaa kiliamua kufufua mchezo wa zamani wa ufunguo, ule ule uliompa mama jina. Mchezo wenyewe ni wa kuchekesha. Bi Dada anakaa nyumbani kwa kaka yake na ufunguo wa stoo umefungwa kiunoni. Bi Arusi anaingia, naye anautaka. Hakuna anayetukana, kila mmoja anamzidi mwenzake kwa upole. "Chukua wewe, wifi." "Nitawezaje, wifi, na wewe upo?" Vidole huku vimekaza ufunguo kama koleo. Mwisho wanavutana kweli, stoo inafunguliwa, na ndani hamna kitu ila fagio bovu.

Nafasi ya Bi Dada alipewa Risiti. Ya Bi Arusi alipewa Fundi. Waliowapanga walisema hawakufikiria neno lolote kwa kuwapanga hivyo, na labda ni kweli.

Nguo zote zilishonwa na Fundi. Jioni alipomaliza gauni la Bi Dada, la buluu, mikono mirefu, alilivuta mbele ya mama mkwe wake kwa majivuno.

"Nimepiga mshono mara mbili, mama. Hata avute ng'ombe, mkono hautoki."

Mama alinyoosha vidole akaupapasa ule mshono kuanzia begani mpaka kwapani. "Mkono usiotoka," akasema, "nani atacheka?"

"Ndiyo mama," Fundi akasema kwa sauti ile tunayowatolea wagonjwa. "Pumzika sasa."

Risiti, aliyekuwa anakunywa chai, wala hakugeuka.

*

Mazoezi yalifanyika katika ukumbi wa shule, baada ya watoto kutoka. Kiongozi wao alikuwa mwalimu mstaafu, mwembamba, mwenye tabia ya kukaa kwenye dawati la mtoto magoti yakiwa yamemfika kidevuni.

"Simameni," alisema siku ya kwanza, wale wawili walipokuwa wanavutana. "Nyinyi mnagombania ufunguo au mnagombania kulipiana bili? Sioni moto."

"Tunafuata kitabu, Mwalimu," Risiti akasema.

"Kitabu kinasema 'wanavutana.' Basi. Vutaneni!"

Fundi akashika mkono wa gauni la buluu alilovaa Risiti, akavuta. Wala si kwa nguvu. Pakasikika *tra!*, na mkono mzima ukabaki kiganjani mwake kama ganda la ndizi. Risiti alisimama bega wazi, mkanda wa sidiria yake umeunganishwa kwa pini kubwa ya nepi, kila mtu anaiona.

Watu walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Aliyecheka kuliko wote ni kinyozi aliyeigiza bwana arusi, na mdomo wa kinyozi hauna mfuniko. Kesho yake hadithi ilikuwa imezunguka kila kichwa kilichokaa kwenye kiti chake. Wateja wa duka la vifaa vya ujenzi walifika kwa keshia wakiuliza kwa uso mkavu, "Dada, pini mnauza?"

Kwa upande wa Fundi nako hakukuwa na nafuu. Mama mmoja aliyeleta vitambaa vya sare za kwaya alirudi kuvichukua. "Si kwamba nakushuku," alisema, akivikunja. "Ila kwaya yetu inainua mikono sana."

Usiku wa siku ile ya aibu walikaa mezani kula. Risiti alikula polepole, akaweka kijiko, akauliza, "Wifi, ule mshono uliupiga mara ngapi vile?"

"Mara mbili. Ulinisikia."

"Nilikusikia. Sikuona."

Fundi aliuchukua ule mkono uliochomoka akaukagua kwenye mwanga. Mshono wake haukuwepo. Ulikuwa umefumuliwa, uzi baada ya uzi, na mahali pake pamepita bandi, ule mshono mrefu wa mkono ambao mafundi hushikizia nguo kwa muda kabla ya kushona. Bandi yenyewe ilikuwa ya uzi wa kijani kibichi kwenye gauni la buluu, ikipinda kama njia ya mlevi.

Mtu ameingia chumbani kwake, amefungua kopo lake la nyuzi, ameiharibu kazi yake. Na ameiharibu kwa dharau, kwa uzi wa rangi nyingine, ili aone. Nani aliyejua kopo liko wapi? Nani ambaye siku zote alikuwa akisema chumba cha mbele kingefaa kuwa sebule?

Alishona upya, akafungia gauni kabatini, akautundika ufunguo msumarini kama kawaida ili asionekane ameshuku. Tangu hapo akawa anahesabu hatua za Risiti ukumbini mwa nyumba, na Risiti, kwa upande wake, akawa anakunja nguo zake mwenyewe na kuzinusa kabla ya kuvaa.

*

Mazoezi yaliyofuata Mwalimu alikuja na jambo jipya. "Leo mnabadilishana," alisema. "Fundi, vaa la buluu, uwe Bi Dada. Risiti, wewe Bi Arusi. Msishike kitabu. Nataka kujua hawa wanawake wanagombania nini."

"Ufunguo," Fundi akajibu.

"Wa stoo yenye nini?"

"Fagio bovu."

"Sasa mtu na akili zake atararuana kwa ajili ya fagio bovu?"

Risiti alikuwa ameinama anafunga kiatu. Alisema bila kuinua kichwa: "Wanagombania nani ataitwa kwanza. Mama wa nyumba akihitaji kitu, anaita jina la nani."

Mwalimu akafunga kitabu. "Haya," akasema taratibu. "Chezeni hilo."

Wakaanza kwa upole kama kitabu kilivyotaka, lakini haukupita muda maneno yakatoka nje ya kitabu.

"Karibu wifi," Fundi alisema, kidevu juu, akimwiga Risiti mpaka kukohoa kwake. "Ulikuja na sanduku moja, sasa naona chumba cha mbele chote ni chako. Mungu ana maajabu."

"Nami nakushukuru, wifi," Risiti akajibu kwa sauti nyororo ya Fundi, mikono imekunjwa kifuani. "Kila nikimwekea mama chai, wewe unakuja nyuma yangu kuongeza sukari, ili aseme yako ndiyo tamu."

"Mwekee, wifi. Si mkwe wako? Mimi ni binti tu. Binti ana nini siku hizi?"

"Ana damu, wifi. Damu haihamishwi. Anayehamishwa ni mwenye sanduku."

Kinyozi alikuwa amefungua mdomo hajui acheke au aite watu. Risiti akaunyakua ule mkono wa buluu, akavuta, nao *tra!*, ukatoka.

Safari hii hakucheka mtu. Fundi aliutazama ule mkono. Uzi wa kijani, bandi ya mlevi.

"Ulijua utatoka," akasema. Hakuwa tena anamwiga mtu. "Ndiyo maana umevuta huku unanitazama machoni."

"Mimi? Gauni linatoka kabatini kwako, limeshonwa na wewe, limevaliwa na wewe! Unataka niitwe mkorofi mbele za watu. Shahidi ni huyu hapa." Akamwonyesha Mwalimu, ambaye alikuwa anajaribu kujinasua kutoka kwenye lile dawati.

*

Walipofika nyumbani Risiti alimpigia kaka yake simu, akaiweka kwa sauti ya juu ili asiseme mtu kwamba amesengenywa. Dereva alisikika pamoja na ngurumo ya injini.

"Kaka, mkeo ananidhalilisha."

"Mume wangu, dada yako anafumua kazi yangu."

"Nyamazeni!" akafoka dereva. "Naendesha mzigo wa vioo, mnanipigia habari za mikono ya gauni? Jumamosi nikirudi, mmoja wenu atahama. Nimechoka." Simu ikakatika.

Mama alikuwa kwenye kiti chake, uso ameuelekeza dirishani. Hakutia neno.

Fundi hakuhitaji kuambiwa ni nani atakayehama. Aliyezaliwa humo atahamishwa na nani? Yeye ndiye angepangishiwa chumba huko kwenye maegesho ya malori, ambako wanaume huvaa nguo zile zile wiki nzima na hakuna anayepanua wala kupunguza kitu. Wateja wake walikuwa mtaa huu, dirisha lake lilikuwa hili. Ilibaki njia moja tu: amkamate mwizi wa mshono mkono ukiwa kwenye uzi, kabla ya Jumamosi.

Kesho yake Risiti alipoondoka kwenda kazini, Fundi alitangaza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa jirani: "Mama, natoka, nakwenda kutafuta vifungo! Nitachelewa!" Akabamiza mlango wa mbele. Kisha akazunguka nyumba, akavua viatu, akaingia kwa mlango wa uani, akanyata mpaka chumba cha mbele, akajipenyeza nyuma ya pazia la maua.

Akakanyaga mguu wa mtu.

"Uwi!" mtu akanong'ona. Alikuwa Risiti, na sare yake ya kazini.

"Unafanya nini hapa?"

"Wewe je? Si umefuata vifungo?"

"Na wewe si uko kazini?"

"Nimeaga naumwa tumbo."

"Umekuja kufumua."

"Nimekuja kukukamata ukifumua, mnafiki wewe."

"Nifumue kazi yangu mwenyewe, nimekuwa kuku mla mayai?"

"Shh!"

Hatua zilikuwa zinakuja, za polepole, za kuburuta. Mama aliingia. Kiganja chake kilikuja kwanza, kikafuata ukuta, kikapata mgongo wa kiti, kikapata pembe ya cherehani. Hapo akasimama, uso ameuelekeza kwenye pazia. Lile pazia lilikuwa fupi, lilikomea magotini. Miguu minne ilikuwa imesimama chini yake mchana kweupe, miwili pekupeku na miwili yenye viatu vya kazi, na mama aliitazama moja kwa moja bila kupepesa. Kisha akageuka akapapasa msumari wa ufunguo.

Risiti alimkamata Fundi kifundo cha mkono, akakibana mpaka kikauma.

Mama alitoa gauni, akakaa kwenye kiti cha cherehani, akautafuta mshono kwa ulimi, akaukata kwa jino. Alifumua taratibu huku anazungumza peke yake, kwa sauti mbili, moja nene na moja nyembamba. "Chukua wewe, wifi." "Nitawezaje, wifi, na wewe upo?" Alikuwa nao wote wawili, Bi Dada na Bi Arusi, neno kwa neno, na pale ambapo watu wanapaswa kucheka alinyamaza akawangoja wacheke. Akaingiza mkono kwenye kopo la nyuzi, akachukua kibiringo cha kwanza kilichomgusa. Kijani. Kutunga sindano kulimchukua muda mrefu. Alikosa, akalowesha uzi, akakosa tena, na nyuma ya pazia wale wawili wakawa wanabana pumzi kama wanaomwangalia mtoto akivuka barabara.

Ulipoingia, mama alisema, "Tokeni sasa. Mmoja ananuka saruji na mwingine mafuta ya cherehani. Pazia langu halifichi harufu."

Wakatoka.

"Mama," Risiti alisema, na sauti yake ilikuwa imepoteza ukali wote. "Huoni?"

"Naona mwanga. Naona mtu kama kivuli, na koti kama mtu."

"Tangu lini?"

"Nyinyi mlianza lini kuniambia 'kaa tu'?"

Fundi alikuwa anautazama ule mkono wa buluu mapajani mwa mama. "Kwa hiyo ni wewe. Ni wewe mara zote."

"Ule mkono lazima utoke, mwanangu. Ndiyo kicheko chenyewe. Watu walikuwa wanakuja kwa ajili ya ule mkono. Haukuandikwa kitabuni kwa sababu aliyekiandika alikuwa anakaa ofisini, sisi tuliuvumbua jukwaani. Niliwaambia. Mkaniambia nipumzike." Akachoma sindano kwenye kitambaa. "Sasa sikilizeni. Dereva asijue habari ya macho mpaka mchezo upite. Akijua leo, kesho atanipakia na vioo vyake, nikakae ghorofani kwa kaka yenu mkubwa, huko mjini, kupapasa kuta nisizozijua."

"Jumatatu nakupeleka kwa daktari wa macho," Risiti akasema. "Hakuna ubishi."

"Nitakwenda. Na utadai risiti, nakujua."

*

Jumamosi asubuhi dereva aliingia na vumbi lake, akakaa kabla ya kunawa. Alikuwa ameifanyia mazoezi hotuba yake njia nzima.

"Haya. Nani anahama?"

Fundi akamtazama Risiti. Risiti akamtazama Fundi.

"Ahame kwenda wapi?" Risiti akauliza.

"Mlinipigia simu! Mlikuwa mnalia!"

"Tulikuwa kwenye mazoezi, mume wangu," Fundi akasema, akimmiminia chai. "Mwalimu anataka moto. Kumbe tuliweza? Hata wewe ulidanganyika!"

Dereva alimgeukia mmoja, akamgeukia mwingine. Akamgeukia mama yake, aliyekuwa anapuliza chai kwa utulivu mkubwa. Nyumba aliyoizoea ilikuwa na kelele na hakuna siri. Hii ilikuwa na siri na hakuna kelele, na haikumpendeza hata kidogo. Alikunywa chai ile kama mtu anayeonja dawa.

Bandi ya mwisho Fundi aliipiga mwenyewe, kwa uzi wa buluu. Msidhani Risiti alikaa tu: alisimama juu ya bega lake, akahesabu kila tundu la sindano. "Na hiyo sidiria nimenunua mpya," alisema. "Kama una mpango mwingine, ujue." Fundi naye alimpa avae gauni mbele ya macho yake, lisiguswe tena.

Mchezo ulichezwa alasiri, ukumbi umejaa hadi madirishani. Wanawake wawili walipishana jukwaani kwa upole wa kutisha. Kila mmoja alimtazama mwenzake mikono, na watu wa mtaa ule, ambao wote wana wifi au ni mawifi wa mtu, walianza kujisogeza vitini. Fundi akaushika mkono wa buluu. Kabla haujachomoka, kabla mtu mwingine yeyote hajajua, palisikika kicheko kimoja mstari wa mbele. Mama alikuwa ameusikia uzi ukikatika. Kisha ukumbi mzima ukaangua kicheko.

*

Nyumba ilichoka mapema siku hiyo. Dereva alilala wa kwanza, lakini si kabla ya kuuliza mara ya mwisho, "Nyinyi wanawake mnanificha kitu, eh?" na kujibiwa, "Lala, una safari." Chumba cha pili kitanda cha Risiti kililia, kikanyamaza, kikalia tena, alikuwa anasikiliza kama Fundi amekwenda kulala. Mwisho uchovu ukamshinda, akaanza kukoroma.

Fundi alimpelekea mama maji ya kunywa, akamwekea kikombe pale vidole vyake vingekipata. Jambo moja lilikuwa linamwasha tangu siku ya pazia.

"Mama. Ulisikia tukigombana. Ulimsikia mume wangu— ulimsikia mwanao akisema mmoja atahama. Ungesema neno moja tu yangeisha. Mbona ulinyamaza?"

Mama alikuwa amejilaza, macho amefumba; kwake haikuwa na tofauti kubwa.

"Nilipocheza mimi," alisema, "unajua nani alikuwa Bi Arusi? Wifi yangu. Na ndiye aliyekuwa akinipigia bandi."

"Mlikuwa mnapendana?"

"Hata kidogo." Akacheka kwa puani. "Ndiyo maana ule mkono haukuwahi kukosa kutoka."

Fundi alingoja aongeze neno. Mama akageukia ukutani. Pumzi zake zikawa ndefu, na ndani ya pumzi zile Fundi hakuweza kujua kama mama mkwe wake amewachezea, amewafundisha, au alikuwa tu bibi kizee anayetaka kushona.

Akarudi chumba cha mbele. Gauni la buluu lilikuwa mezani, na watu walikuwa wameomba mchezo urudiwe Jumamosi ijayo. Alitunga uzi, akafumba macho, akaupapasa mshono kwa ulimi kama alivyoona. Ulikuwa na chumvi ya jasho la wifi yake. Akapiga bandi gizani mwa macho yake, tundu moja, jingine, la tatu, bila kujua kama zinakwenda sawa, na kwa mara ya kwanza wiki ile hakutega sikio kwa Risiti. Kichwa kikaanza kumwangukia. Aliichomeka sindano kwenye mto wa pini kwanza, maana fundi ni fundi hata akisinzia, kisha akaegemea gauni, naye akalala.